Bahari ya Shemeji Yangu wa Nzega

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alizaliwa Nzega kwenye mashamba ya pamba, na mpaka ndevu zinamwota maji mengi aliyowahi kuyaona yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Nalisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu yeye mwenyewe hatalisema. Alikwenda Dar es Salaam akiwa kijana, akapata ukarani kwenye ofisi moja ya mizigo karibu na bandari, akaoa, akazaa, akastaafu, na katikati ya mambo hayo, siku ambayo hakuna aliyeishuhudia, akageuka mtu wa pwani. Akaanza kushinda na kikoi nyumbani. Akaanza kusema "yakhe." Ugali akawa anaula kama mtu anayetumikia adhabu.

Kila alipokuja likizo Tabora alifikia kwangu, mtaa wa Ng'ambo. Mimi ni fundi cherehani, na sebule yangu ndiyo karakana yangu, kwa hiyo alikaa katikati ya vitambaa vya watu akijipepea na kipande cha mfuko na kutupa pole kwa kuishi tunakoishi.

"Nyie watu wa bara mnaishije bila upepo?" aliniuliza.

"Tunavuta pumzi, shemeji."

"Hii si hewa. Hili ni vumbi."

Mwaka mmoja marehemu mume wangu alimchukua, na mimi nikafuatana nao, kwenda kumwonyesha bwawa la Igombe, ambako mji wetu unapata maji. Sisi tulikuwa tunalionea fahari bwawa hilo. Lina ndege, lina miti ya miombo pembeni, na jioni hewa yake ni nzuri. Shemeji alisimama ukingoni mikono ikiwa nyuma, kama mkaguzi, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Ndiyo hili?" akasema. Kisha akanigeukia. "Shemeji, siku moja uje nikutembeze. Nikuonyeshe mikoko, visiwa, misitu ya pwani. Utajua kwamba Mungu alipofika Tabora alikuwa keshachoka."

Watu wote walicheka, na mume wangu alicheka pia. Mimi sikucheka. Kwetu tumezaliwa na mababu waliokwenda pwani kwa miguu, na mizigo begani, wakaiona hiyo bahari, wakageuka wakarudi kulima. Hatujasikia kwamba hata mmoja wao alirudi akiwatukana wenzake kwa sababu ameona maji ya chumvi.

Miaka ikapita. Ahadi ya kutembezwa ilirudiwa kila likizo, na kila likizo mikoko ilizidi kurefuka na visiwa vilizidi kuwa vingi. Kisha, baada ya mvua za mwaka jana, dada akanipigia simu.

"Mdogo wangu, njoo. Shemeji yako amesema safari hii anakutembeza kweli."

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema mbele ya watu. Hawezi kurudi nyuma."

Nikafunga cherehani. Nikapanda treni ya zamani mpaka Dodoma. Pale Igalula nilinunua karanga za kuchemsha kupitia dirishani, nikazimaliza kabla ya kusinzia. Dodoma nikahamia ile treni mpya ya umeme, ambayo inakwenda kasi kiasi kwamba huwezi kununua hata kiazi njiani. Nilifika Dar es Salaam nikiwa na njaa na miguu imevimba. Shemeji alinipokea stesheni akiwa amevaa miwani ya jua na kofia pana ya majani, utadhani anakwenda kuvua papa.

"Shikamoo, shemeji," nikamwambia.

"Marahaba. Unaisikia?"

"Nini?"

"Bahari! Harufu yake."

Nilinusa. Nilisikia harufu ya mafuta ya kukaangia mihogo.

Kesho yake akaanza na bustani ya miti iliyoko katikati ya mji, karibu na ufukwe, kwa maelezo kwamba mgeni haingizwi baharini kwa pupa. Ni bustani nzuri, siwezi kuisingizia. Ina miti mikubwa ya nchi za mbali na tausi wanatembea wakiburuta mikia yao. Lakini ni ndogo. Jirani yangu ana shamba la mihogo kubwa kuliko ile, na hakuna anayempiga picha. Shemeji alituzungusha humo asubuhi nzima kana kwamba ameipanda yeye. Kila mti alikuwa na jina lake na habari zake. Tatizo ni kwamba mti mmoja aliuita mkangazi tulipoingia, na tulipoupita tena wakati wa kutoka ukawa msaji.

"Umebadilika upesi," nikasema.

"Mimea ya pwani inafanana, shemeji. Jicho la bara linachelewa kuzoea."

Dada alitembea nyuma yetu bila neno. Alikuwa anatazama juu, kwenye matawi, mdomo ukiwa wazi kidogo. Nilidhani amechoka na jua. Dada yangu ni mwanamke mpole, mwimbaji wa kwaya ya Moraviani tangu tukiwa wasichana, na katika ndoa yake yote amekuwa mtu wa kutembea hatua moja nyuma ya maneno ya mumewe.

Siku ya pili tukaenda kwenye mikoko. Hapo ndipo nilipomfahamu vizuri shemeji yangu.

Tulitoka nje ya mji kwa bajaji mpaka kwenye hori moja pana, pale bahari inapoingia nchi kavu, tukafika maji yakiwa yamekupwa. Kwa anayetoka bara ni jambo la ajabu kidogo, nakubali. Bahari yenyewe haipo. Imeondoka, imeacha tope, madimbwi, na mikoko imesimama juu ya mizizi yake kama wazee waliopandisha kanzu wasilowe. Huku na huku kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanapunga, wanaingia shimoni, wanatoka tena. Harufu ilikuwa ya mayai viza. Nilimwambia shemeji hivyo.

"Hiyo ni afya," akasema. "Vuteni ndani."

Yeye alikuwa amevaa viatu vya ngozi, vya kanisani. Dada alimwambia avivue. Akasema mtu aliyefanya kazi karibu na bahari umri wake wote hafundishwi na wanawake namna ya kukanyaga. Akatangulia. Alituvusha tope, akatupitisha katikati ya mikoko, akatutoa upande wa pili kwenye tuta la mchanga mweupe lililokuwa mbali na nchi kavu, na pale akatandika kikoi, akakaa, akaanza hotuba.

Alizungumza juu ya Waarabu, Wajerumani, meli, pepo za kusi na kaskazi, samaki mwenye uso wa binadamu. Mimi nilikuwa nakula maandazi. Dada alikuwa anatazama mahali tulipopita.

"Baba," akasema baada ya muda, "maji yanarudi."

"Hayo ni mawimbi tu."

"Pale tulipopita pana maji."

"Maji hayarudi mpaka jioni. Mimi nayajua."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichokoa chaza matopeni alikuwa anarudi nchi kavu, ndoo kichwani, hana haraka yoyote. Alipotupita kwa mbali alisimama.

"Nyinyi mnasubiri nini hapo?" akapaza sauti.

"Tunapumzika, yakhe!" shemeji akajibu, akapunga mkono.

Yule mwanamke alitutazama mmoja mmoja. "Haya," akasema. "Mnajua kuogelea?" Kisha akaendelea na njia yake.

Ndipo shemeji alipogeuka. Lile tuta letu lilikuwa limebaki ukanda mwembamba, na kati yetu na mikoko maji yalikuwa yanapita kimya kimya kama watu wanaoingia kanisani wakati ibada imeanza. Sijawahi kuona mtu akibadilika rangi hivyo. Alisimama, akakanyaga kikoi chake, akaanguka, akasimama tena. Akanishika mkono. Si mkono wa mkewe, mkono wangu mimi, mtu wa vumbi, mtu wa bwawa la Igombe.

"Shemeji," akasema, "tunakufa."

"Tembea," nikamwambia.

Tuliingia majini. Yalitufika magotini, yakatufika mapajani, na pale kwenye mikoko yalitufika kiunoni, yakisukuma. Siyo maji ya kuua mtu mzima anayetembea, lakini shemeji alikuwa hatembei, alikuwa ananing'inia. Kila kaa aliyemgusa alimpigia kelele. Mimi nilikuwa nimejifunga kitenge kifuani na mkoba kichwani, nimekwisha kumtamkia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na mengine nilimtamkia kwa Kinyamwezi ili ayasikie vizuri zaidi. Dada alitangulia. Ndiyo, dada. Alishika mzizi huu, akashika ule, akatuonyesha pa kukanyaga, na hakusema lolote isipokuwa "hapa" na "si hapo." Tulifika nchi kavu tukiwa tope mpaka nyusi. Kiatu kimoja cha shemeji kilibaki kwa kaa.

Jioni ile walikuja majirani wawili kunisalimu. Nilikuwa jikoni nasuuza kitenge changu kwa mara ya tatu nikamsikia shemeji sebuleni.

"Maji yalitufika hapa," alikuwa anasema. "Wanawake wanalia. Nikawaambia, tulieni, mimi nipo. Nikamshika huyu mkono, nikamshika yule mkono..."

Nikatoka na kitenge mkononi kinadondosha maji. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Dada alinikamata bega akanirudisha jikoni.

"Mwache," akasema.

"Nimwache? Kwa nini nimwache?"

Dada alichukua kile kitenge akakikamua kwa nguvu, kwa muda mrefu, hata tone la mwisho lilipokwisha bado anakikamua.

Siku ya tatu ilikuwa ya kisiwa. Ni kisiwa cha hifadhi, unakiona vizuri ukiwa ufukweni: kijani juu, mchanga chini, karibu kiasi kwamba ungefikiri mbuzi wake watasikika, kama kingekuwa nao. Watu wanavushwa kwa boti. Tulilipa kiingilio, tukapewa majaketi ya kuelea, na shemeji akavaa lake, akafunga vifungo vyote, akaja mpaka ukingo wa maji, akashika tumbo.

"Nyie tangulieni," akasema. "Ule urojo wa jana haukunikaa vizuri."

"Urojo ule tuliula sote," nikasema.

"Matumbo hayafanani, shemeji."

"Basi sote tubaki."

Nilisema hivyo kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kuishiba bahari. Lakini dada alikuwa amekwisha kuvua viatu. Aliingia majini mpaka kwenye boti, akamshika nahodha mkono, akapanda, akakaa mbele kabisa. Hakugeuka nyuma kumwangalia mumewe. Basi nikapanda na mimi, nikikunja uso, na boti ikaondoka. Shemeji alibaki ufukweni na jaketi lake, anazidi kuwa mdogo.

Tulipofika katikati dada akaniambia, "Mdogo wangu, mimi sijawahi kuja huku."

"Kisiwani?"

"Kisiwani. Wala kule mikokoni. Wala ile bustani ya juzi sijawahi kuingia, nimepita nje tu na gari."

Nilidhani sikumsikia kwa sababu ya mashine. Nikamwambia arudie, akarudia. Aliolewa akaletwa mji ule angali msichana. Wajukuu wake sasa wanasoma sekondari.

"Kila mwaka alisema mwakani," akasema. "Nilidhani ni mbali. Alivyokuwa akisimulia, nilidhani ni safari ya siku mbili." Akakitazama kisiwa, tulikuwa karibu kukigusa. "Kumbe ni hapa."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia mumewe.

Kuhusu kisiwa chenyewe niseme kweli. Jua lake ni kali na kivuli chake kina wenyewe. Vijana waliojazana pale walikuwa wamekuja kujipiga picha, na bahari waliipa mgongo mchana kutwa ili iingie vizuri nyuma yao. Chipsi zilikuwa baridi. Maji ya bahari nilipoyaonja yalinithibitishia kile nilichokuwa nikikishuku miaka yote, kwamba ni maji mengi mno yasiyofaa kitu: hayanyweki, hayapiki, hayafui, hayamwagilii. Njia ya kuzunguka msituni inapita juu ya matumbawe makavu yanayokata kama misumeno. Atakayenishawishi kwamba hapo pamezidi Igombe itabidi aje na sababu nyingine.

Lakini dada aliingia majini na gauni lake. Maji pale ni maangavu, unaziona kucha zako. Aliinama akatazama, akanyoosha mkono chini, akatoa kiti cha pweza, yule mdudu wa baharini mwenye umbo la nyota, mwekundu kama kitambaa cha kanzu za kipaimara. Alimweka kiganjani. Alimwangalia kwa muda, kisha akamrudisha taratibu pale pale alipomtoa. Akaendelea kutembea ameinama, mikono nyuma, anakwenda na kurudi, mpaka nahodha alipotuita. Uso wake ulikuwa umeungua na alikuwa anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini.

Tulimkuta shemeji chini ya banda la makuti, ana soda mkononi na rangi imemrudia.

"Mmeonaje?" akauliza. Na bila kungoja jibu akaanza. "Kile kisiwa, sasa, asili yake ilikuwa mwamba. Upande wa pili, ambao najua hamkufika kwa sababu wageni hawaonyeshwi, kuna..."

"Wewe," dada akasema.

Hakupaza sauti. Shemeji alishusha soda yake kwa mshangao, maana katika maisha yao hakuwahi kuitwa hivyo.

"Wewe ni mtu wa Nzega. Nyamaza."

Muuza soda aligeuza uso. Mimi niliangalia mchanga, nikiuma midomo, nikimshukuru Mungu aliyenipa uhai wa kuisikia siku hiyo. Shemeji alishika kofia yake ya majani akaizungusha mikononi. Njia nzima ya kurudi hakusema, na usiku alikula ugali wote bila kulalamika.

Asubuhi dada aliamka kabla yetu akatia chai kwenye chupa. "Leo tunakwenda msituni Pugu," akaniambia. "Mimi na wewe." Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, kavaa suruali, si kikoi.

"Naweza kuja?" akauliza.

Dada alifikiri. Naapa alifikiri kweli. "Njoo," akasema, "lakini usieleze kitu."

Akaja. Alibeba chupa ya chai na mfuko wa mikate, akatembea nyuma. Msitu wa Pugu uko juu ya vilima, nje kidogo ya mji, na ukiupanda unaacha kelele chini kama unavyoacha viatu mlangoni. Kulikuwa na kima juu ya miti na ndege ambao hatukuwaona, tuliwasikia tu. Hakuna aliyetuambia majina yao, na hakuna lililopungua. Mimi niliona ni msitu wa kawaida, mfinyu, umebanwa na nyumba, na ningeutukana hapa kama si kilichotokea kwenye ukingo wake, karibu na kijichaka fulani.

Shemeji alisimama. Alinyoosha mkono akachuma tunda dogo jeusi, akalinusa, akalitia mdomoni. Akacheka peke yake.

"Ntalali," akasema.

Ni tunda la kwetu. Tunalila porini tukiwa watoto, linatia meno weusi. Kisha akaanza kuzungumza, na nilichelewa kutambua kwamba hakuwa akizungumza Kiswahili. Alizungumza Kinyamwezi, kile kizito cha Nzega chenye mkono wa Kisukuma, juu ya mama yake na kikapu cha ntalali na ng'ombe waliopotea kwa sababu yeye alikuwa juu ya mti anakula. Hakukuwa na "yakhe" hata moja. Ilikuwa hadithi nzuri. Dada aliisikiliza yote, akachuma naye, meno yakawa meusi wote wawili. Alikuwa amesema asieleze kitu, lakini hakumkatiza.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo alitengemaa. Hakutengemaa. Siku ya kuondoka kwangu, stesheni, alikuwa amekwisha kuvaa tena ile miwani, na alimweleza abiria mmoja wa pembeni yangu, mtu wa Tanga wa watu, namna bahari ya Tanga inavyoharibu samaki.

Dada ndiye aliyebadilika. Sasa Jumamosi kwa Jumamosi anatoka na akina mama wa kwaya: wamekwenda kisiwani mara kadhaa, wamekwenda mikokoni, na wanaulizia kwanza saa za maji kujaa. Wiki iliyopita shemeji alinipigia simu nikiwa katikati ya gauni la bibi harusi.

"Shemeji, zungumza na dada yako. Leo tena ameondoka tangu asubuhi. Ameniachia chakula kwenye hotpoti."

"Chakula gani?"

Nilisikia kifuniko cha hotpoti kikifunguliwa. "Ugali."

"Basi kula kabla haujapoa," nikamwambia, nikarudi kwenye cherehani yangu.